Kamera ya motokari: mambo ya kujua mbele ya kuinunua na kisha kuinunua



Mwaka uliopita, koperative moja ya kakao yenye tunatembelea kwenye barabara ya Beni na Kasindi ilipata aksida. Kamiyo yao ilikuwa inashuka na mifuko ya kakao yenye ilikauka muzuri, tayari kwa kuvuka mupaka. Kwenye kona, kamiyo ingine ikatokea mbele yao katikati ya barabara. Shofere akavuta usukani, magurudumu yakaingia katika mufereji, kamiyo ikalala. Hakuna mutu aliyekufa, tunashukuru Mungu. Lakini mifuko ilipasuka, mvua ikanyesha mbele ya watu kufika na bashi, na kazi ya kukausha ya majuma mazima ikapotea saa moja.

Shofere wa ile kamiyo ingine alisema kama yeye alikuwa upande wake, na kama ni wetu mwenye alikuwa anakimbia. Wetu alisema vile vile juu yake. Polisi akaandika maneno ya wote wawili ndani ya PV. Hakukuwa shahidi mwingine.

Kumbe, koperative ilikuwa na kamera ndani ya kamiyo. Waliinunua miezi tatu mbele, na wamemba walichanga juu ya ile feza. Komite ikatoa karte, wakaiingiza katika ordinatere, wote wakainama kuangalia. Wakaona mashimo. Video ya shimo, video ya shimo lingine, video ya kamiyo inapita juu ya jiwe, zaidi ya mia moja. Ile ya mwisho ilikuwa ya siku nyingi mbele ya aksida. Kisha pale kamera haikuandika kitu tena, na hakuna mutu alijua.

Mimi ndiye nilikuwa nimewasaidia kuichagua ile kamera, na sikuwaonyesha namna ya kuipanga. Ni juu ya ile karte ndiyo ninaandika makala hii.

Namna inafanya kazi

Kamera ya motokari, yenye wauzaji wanaita dashikamu, ni kamera ndogo yenye unabandika kwenye kioo cha mbele. Ukiwasha motere, inawaka yenyewe. Ukizima, inazimika. Haiandike video moja ndefu: inakata vipande vya dakika 1, 3 ao 5. Karte ikijaa, inafuta kipande cha zamani zaidi na kuandika kipya fasi yake. Ndiyo sababu inaweza kutembea miezi mingi bila mutu kuigusa.

Ndani yake kuko pia kitu kidogo chenye kinasikia mushindo. Kikisikia mushindo mukubwa, kinafunga kipande cha ile dakika ili kisifutwe. Kwenye menyu kinaitwa «G-sensor» ao «capteur G». Wenye walitengeneza kamera hizi walikuwa wanafikiria barabara ya lami, fasi mushindo mukubwa maana yake ni kugongana. Kwetu mushindo mukubwa uko kila hatua. Kamera inafunga kipande juu ya shimo hili, inafunga kingine juu ya lile, na vipande vyenye vimefungwa havifutwe. Polepole karte yote inajaa mashimo. Kamera zingine, zikifika pale, zinaanza kufuta vile vya zamani. Zingine zinasimama tu na kuandika kwenye ekra kama karte imejaa. Shofere mwenye anaangalia barabara, sawa vile anapaswa kufanya, haoni.

Basi kazi ya kwanza siku munanunua kamera: ingieni katika menyu, tafuteni «Langue», muchague Kifaransa kama inawafaa, kisha tafuteni capteur G na muiweke kwenye «faible». Mufanye safari moja ya kawaida. Mukirudi, angalieni ndani ya karte, fasi ya vipande vyenye vimefungwa. Kama viko vingi, zimeni ile capteur kabisa. Hamupoteze kitu kikubwa, juu kamera iko na kifungo cha kufunga kipande kwa mukono, mara mingi chenye picha ya kufuli ao ya alama ya mushangao. Shofere ajifunze kukipata bila kukiangalia. Kitu kikitokea, anasimamisha motokari, anafinya mara moja.

Kuchagua

Musianze na karto yenye imeandikwa «4K» kwa herufi kubwa. Kamera ya bei ya chini yenye inasema 4K mara mingi inavuta tu picha ndogo kuwa kubwa. Kamera yenye kuandika kweli kwa 1080p inatosha kuonyesha nani alikuwa upande gani wa barabara, na hiyo ndiyo ulizo ya kwanza ya polisi. Plake ya motokari ingine itaonekana mchana, karibu, na kama hamutembei mbio. Usiku plake haionekane muzuri hata kwenye kamera ya bei, juu taa za mbele zinaifunika na mwangaza. Mutu mwenye anawaahidi plake usiku, mumuombe awaonyeshe video yake mbele ya kulipa.

Upana wa jicho ni wa maana kwetu zaidi ya wingi wa picha. Aksida nyingi za barabara zetu ni za pikipiki zenye zinatokea pembeni. Kamera ya digri 130 mupaka 150 inaona ukingo wa barabara pande zote mbili. Zaidi ya pale, picha inaanza kupindika na vitu vinaonekana mbali kuliko viko.

Kitu chenye wauzaji hawaseme: umeme wenye uko ndani ya kamera. Kila kamera inahitaji akiba kidogo ya umeme ili imalize kuandika kipande wakati motere inazimika. Nyingi ziko na batri ndogo ya litiamu, sawa na ya telefone. Motokari yenye imesimama juani kule Kasindi, na vioo vimefungwa, inakuwa furu. Batri ile inavimba, na kisha mwaka moja ao mbili kamera inabeba kipande cha mwisho nusu, na kipande cha mwisho ndicho cha aksida. Kamera zingine ziko na kondensatere fasi ya batri. Kwenye karto wanaandika «supercapacitor». Inavumilia joto. Kama bei inapita kidogo, lipeni. Kwa dola kati ya 40 na 100 munaweza kupata kamera yenye inafaa. Zile za dola 15 nimeziona, na nimeziona tena kwenye takataka.

Angalieni pia volti. Motokari ndogo na pikap nyingi ziko na volti 12, lakini kamiyo nyingi ziko na volti 24, batri mbili zenye zimeunganishwa. Chaja ya kamera inapaswa kuandikwa 12–24V. Ile ya 12V peke, ukiiingiza ndani ya kamiyo, itaungua siku ile ile, na inaweza kuunguza kamera pamoja nayo. Mutu mumoja wa koperative aliniuliza kama kamera yenye iko na Wi-Fi itakula megabaiti zake. Hapana. Ile Wi-Fi inaunganisha kamera na telefone tu, bila intaneti, hata kule fasi hakuna rezo. Ni muzuri kuwa nayo: unaweza kunakili kipande ndani ya telefone pale pale kwenye barabara.

GPS iko na faida mbili: inaandika mwendo wa motokari, na inatengeneza saa yenyewe. Fikirini muzuri juu ya ile ya kwanza. Kama shofere wenu alikuwa anaenda polepole, GPS inamutetea. Kama alikuwa anakimbia, inasema vile vile.

Kamera ya pili ya nyuma si ya lazima kwa kamiyo ya muzigo. Bashi itaifunika, vumbi itaifunika, na itakula nusu ya karte. Kwa pikap ao taksi, ni mambo ingine.

Karte

Hapa ndipo feza kidogo inaokoa feza mingi. Karte ya kawaida ya telefone haikufanywa ili iandikwe bila kupumuzika siku yote. Inachoka, na ikichoka haiseme kitu: kamera inawaka taa yake, lakini ndani hakuna video. Tafuteni karte yenye imeandikwa «High Endurance» na alama U3 ao Class 10. Kwa kuandika 1080p kwa kamera moja, karte ya 64 GB inabeba karibu saa 8 ao 9. Ya 32 GB ni nusu ya pale. Kwa safari ya Butembo mupaka Kasindi, pamoja na kungojea kwenye barieri na kwa duane, ninachagua 64 ao 128. Mbele ya kununua ya 128, someni karatasi ya kamera, juu zingine hazikubali karte kubwa.

Katika soko kuko karte za uongo. Imeandikwa 256 GB, bei ya ndizi, na ndani yake ni 8. Inapokea video zote, lakini zile zenye zinapita 8 zinapotea. Kama muko na ordinatere ya Windows, programu ya bure yenye inaitwa H2testw inajaza karte na kusema ukweli wake. Bila ordinatere, jazeni karte na video kutoka telefone, kisha mujaribu kufungua ile ya mwisho.

Mara moja kwa mwezi, futeni karte yote ndani ya kamera yenyewe, kwa menyu «Formater», si ndani ya telefone. Mbele ya kufuta, munakili chenye munahitaji.

Kuiweka

Fasi yake ni katikati ya kioo cha mbele, juu, nyuma ya kioo kidogo cha kuangalia nyuma, ndani ya fasi yenye mipira ya kupanguza mvua inapita. Hapo haimufungie shofere macho. Sisi Congo tunatembea kuume, lakini motokari mingi zenye zinakuja kutoka upande wa Uganda ziko na usukani kuume pia, na shofere anakaa karibu na mufereji. Kamera ya katikati inaona mbele kidogo kuliko yeye. Nimekuta shofere mumoja mwenye alikuwa anatumia ekra ya kamera ili ajue kama anaweza kupita kamiyo ya mbele. Ndugu, ile ekra ndogo inaonyesha motokari mbali kuliko iko! Katika menyu kuko fasi ya kuzima ekra kisha dakika moja. Izimeni.

Waya ipite juu, kandokando ya kioo, iteremuke pembeni, isiningʼinie mbele ya usukani. Vumbi ipanguzwe ndani na inje ya kioo kila asubuhi. Kule Lubero fasi kuna baridi, umande wa asubuhi unafanya kioo kuwa cheupe na kamera haione kitu mupaka kikauke. Usiku muiondoe. Kamera yenye inalala ndani ya motokari inaomba mwizi avunje kioo chenye bei yake inapita ya kamera. Ni juu ya ile pia siwashauri mambo ya kuiacha iandike usiku muzima wakati motokari imesimama: inakausha batri, na zamu wenu anaona muzuri zaidi.

Kisha muangalie saa. Wakati fundi anatoa batri ya kamiyo, kamera zingine zinarudi kwenye tarehe ya zamani, 1 Januari ya mwaka fulani. Video ya aksida ya mwezi wa kumi yenye imeandikwa Januari, avoka wa upande mwingine ataifurahia sana.

Barieri na askari

Tangu tarehe 6 Mai 2021, Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya état de siège. Hata bila ile, kupiga picha ya askari, ya kambi, ya daraja, ya uwanja wa ndege ao ya mupaka ni jambo lenye linaweza kumuletea mutu matata makubwa kwetu. Kamera haijue kuchagua. Inaandika barieri sawa vile inaandika mashimo. Mwenye kuwa kwenye barieri anaona jicho na taa nyekundu, na anaweza kuwaza kama mumetumwa.

Kwa hiyo nunueni kamera yenye inatoka kwa mukono moja. Shofere aiondoe na kuiweka ndani ya sanduku la motokari mbali, mbele hajafika, wakati anajua kama kuko barieri ya askari ao msafara wao. Asiiondoe haraka mbele ya macho yao. Hiyo ndiyo inatia mashaka. Kama imeonekana tayari, aseme ukweli bila kukasirika: ni kamera ya koperative, ni juu ya aksida, munaweza kuangalia. Na video ya askari isiingie katika WhatsApp, hata ya kuchekesha. Kwenye barabara zingine na siku zingine, shauri langu ni kuiacha nyumbani. Muzigo unalipwa. Shofere halipwe.

Mbele ya kuibandika, mukae na shofere

Mashofere wengi wanawaza kama kamera ni mupelelezi wa komite. Mara ingine hawakosee. Kwenye koperative moja, mulinzi wa feza alikuwa anatoa karte kila jioni ili asikie nini shofere na konvoyeri wanazungumuza juu yake. Ndani ya majuma mbili, waya ya kamera «ikakatika yenyewe».

Zimeni sauti, iko kwenye menyu. Kisha muandike karatasi moja fupi: karte inafunguliwa wakati gani (aksida, wizi, malalamiko ya mutu), na nani. Tunashauri watu wawili pamoja, shofere na mumoja wa komite. Watu wenye wanapanda ndani ya kabine waambiwe kama kuko kamera. Sheria ya kodi ya numeriki ya 13 Machi 2023 inalinda habari za watu, na sura ya mutu ni habari yake.

Shofere akiona karatasi ile, mumuonyeshe pia upande wake. Nani analipa wakati kamiyo inalala na hakuna shahidi? Mara mingi komite inakata mushahara wa shofere, juu ndiye mutu wa pekee mwenye yuko pale. Katika ile koperative ya kakao walikuwa wameanza kusema vile.

Nilisikia watu wanauliza kama hiki ni kitu cha wazungu. Nchi yenye ilijulikana zaidi kwa kamera hizi ni Urusi, na sababu zake ungesema ni za kwetu: watu wa kujitupa mbele ya motokari ili walipwe, kubishana na polisi, na asiransi yenye haiamini mutu. Ndiyo maana wakati jiwe kubwa kutoka mbinguni lilipasuka juu ya muji wa Chelyabinsk, tarehe 15 Februari 2013, dunia yote iliona picha zake: kamera za motokari zilikuwa zinaandika tayari.

Siku ya aksida

Kwanza watu. Wenye kuumia wasaidiwe. Kama watu wanakusanyika na hasira, shofere aende kwa polisi wa karibu na kujitoa kule. Hakuna video yenye inatuliza kundi la watu pale barabarani.

Kisha, afinye kifungo cha kufunga kipande, azime kamera kwa kifungo chake, asivute waya kwa nguvu, juu kipande cha mwisho kinaweza kuharibika. Atoe karte, aiweke mufukoni. Hii inasahauliwa sana: motere ikibaki inawaka ao mukiendelea na safari, kamera inaendelea kuandika, na kisha saa 8 aksida imefutwa na video ya kungojea.

Nakilini kipande mara mbili, ndani ya telefone ya mutu wa komite na ndani ya ordinatere ao flashi. Musikate, musiongeze maandishi, musitume ile yenye imepita katika WhatsApp, juu WhatsApp inapunguza video. Karte ya kwanza iwekwe ndani ya bahasha na tarehe na namba ya plake juu yake. Munapoenda kwa polisi ya barabara, semeni kama muko na video na muombe iandikwe ndani ya PV. Video haichukue fasi ya PV. Bila PV, asiransi haitawasikiliza.

Na juu ya asiransi: ile ya lazima, yenye kila motokari inapaswa kuwa nayo tangu sheria ya 5 Januari 1973, inalipa hasara yenye munafanyia wengine. Kakao yenu na kamiyo yenu haimo ndani. Kwa muzigo mulipe asiransi yake ya kando. Tangu sheria ya 2015 SONAS haiko peke yake tena, basi muulize bei kwa zaidi ya fasi moja. Lakini kama kosa ni la mwingine, asiransi yake ndiyo inapaswa kuwalipa, na pale video inaweza kuwa na uzito wa kamiyo nzima.

Ile koperative haikulipwa. Walikubaliana na upande mwingine kila mutu abebe hasara yake, na shofere, kisha mikutano tatu yenye kelele, hakukatwa mushahara. Kamera ingali pale ndani ya kamiyo. Capteur imezimwa, karte ni mupya, na kila Posho shofere na mwandishi wa komite wanakaa dakika kumi kwenye baraza kuangalia kama kipande cha asubuhi kiko, na kama saa yake inasema kweli.